KAZI YA MIKONO
Rangi Ile Kabiratere Ilitoka Nayo Kiwandani



Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwetu Mulongwe alikuja nyumbani jioni, amebeba kitu ndani ya kitambaa, kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. Akafungua. Ilikuwa kabiratere ya lori la zamani la Ford, lile lililokaa bila matairi miaka mingi. Juu yake iliandikwa Holley. Na mwili wake wote, chini ya vumbi na mafuta, ulikuwa na rangi ya manjano, yenye kung'aa kidogo kama shaba mpya, na pembeni unaona zambarau na kijani, kama mafuta yakielea juu ya maji.

«Pasta,» akasema, «angalia. Iko na rangi ya zahabu. Mutu wa kuinunua iko, lakini anataka nisugue kwanza ikuwe nyeupe, ikuwe sawa mupya. Njo atatoa feza. Nifanye je?»

Nyinyi wa Misisi na Kamituga mnajua namna macho ya mtu yanabadilika akiona rangi ile. Lakini si dhahabu. Nilimwambia: «Usisugue kitu. Keti kwanza.» Na yale niliyomwambia jioni ile, pamoja na kosa langu mwenyewe ambalo sikutaka kulisema, ndiyo ninayoandika hapa.

KABIRATERE NI NINI

Wengine wanasema kabureta, wengine karibureta. Sisi huku tunafuata Kifaransa, kabiratere. Ni chombo kinachochanganya esansi na hewa kabla ya kuingia ndani ya moteri. Hewa ikipita kwa nguvu kwenye koo nyembamba, inavuta esansi kupitia kitundu kidogo tunachokiita jikleri, na esansi inatoka kama manyunyu. Wilhelm Maybach, Mjerumani, alitengeneza ya namna hiyo yenye jikleri mwaka 1893. Tangu miaka ya 1990 magari mapya mengi yanatumia injeksyo mahali pake. Lakini usifikiri kabiratere imekufa. Pikipiki nyingi zinazopanda Fizi bado zinayo. Motopompe inayotoa maji kwenye shimo lenu inayo. Grupe ndogo inayowasha taa za kanisa siku ya ibada ya usiku inayo.

Kwa hiyo haya hayahusu magari ya makumbusho peke yake.

RANGI INATOKA WAPI

Kabiratere za kwanza zilikuwa za shaba nyeupe na shaba nyekundu zilizochanganywa na madini mengine. Baadaye nyingi zikawa za chuma cha kuyeyusha, na chuma hicho kinashika kutu, kwa hiyo viwanda vilikipaka rangi nyeusi. Halafu mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa mchanganyiko mpya wa madini ulioitwa Zamak. Jina hilo limetoka kwenye maneno ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, manyeziamu na shaba. Sehemu kubwa ni zinki. Aluminiamu ni karibu sehemu 4 katika 100. Inayeyuka kwa moto mdogo kuliko aluminiamu, inaingia vizuri kwenye kalibu, na inatoka na vitundu na njia zote ndogo ndogo zikiwa mahali pake. Ndiyo maana Solex, Zenith, Holley na wengine walitengeneza kabiratere nyingi sana kwa zinki.

Ndugu zetu wa Katanga wanaijua zinki. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulianza kuchimbwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Kwa hiyo unapoishika kabiratere kuukuu, unashika jamaa ya mawe ya nchi yako.

Lakini zinki iko na udhaifu. Ikikaa kwenye unyevu inatoa unga mweupe, kama unga wa muhogo. Unga huo unakula uso wa chuma, na ukiwa ndani ya kabiratere unaziba jikleri. Kampuni ile ile ilipata dawa yake mwaka 1936. Kifaa kinatumbukizwa kwa muda mfupi sana, sekunde chache, ndani ya maji yenye chumvi ya krome na asidi. Zinki ya juu inaungana na krome na kufanya ngozi nyembamba mno. Ngozi hiyo ndiyo ya manjano. Ndiyo ile «zahabu» ya kijana wangu.

Sikilizeni vizuri jambo hili. Ile si rangi ya kupaka. Haikupulizwa juu wala haikupakwa kwa burashi. Ni chuma chenyewe kilichogeuka uso wake. Unene wake haufiki hata elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko ngozi hiyo mara nyingi sana. Na tena, ikiwa bado mpya, ukiikwaruza kidogo, krome iliyo pembeni inaweza kusogea na unyevu na kufunika mkwaruzo. Inajiponya yenyewe, kama ngozi ya mtoto.

Lakini burashi ya waya ikipita mara moja tu, imekwisha. Hairudi kwa kusugua zaidi.

KILA KIWANDA NA DESTURI YAKE

Usije ukafikiri kwamba kila kabiratere ya zamani lazima iwe ya manjano. Holley na Rochester za Marekani nyingi zilitoka na manjano hiyo. SU za Uingereza zilikuwa na mwili wa aluminiamu bila kupakwa kitu, na kofia yake ya juu ilisuguliwa mpaka kung'aa. Weber, aliyeanza kazi yake Bologna, Italia, mwaka 1923, zile kubwa zake za magari ya mbio ni za aluminiamu yenye rangi yake ya asili, nyeupe isiyong'aa. Na katika kabiratere moja, kila kipande kina uso wake: mwili ni wa zinki, jikleri ni ya shaba ya manjano, skrubu na vyuma vya kuvuta ni vya chuma kilichofunikwa kwa zinki au kadimiamu.

Shikeni hilo. Kabiratere ya kweli ina rangi nyingi, kwa sababu ina madini mengi. Ile yenye rangi moja kutoka juu mpaka chini, skrubu na yote, imepitia mkononi mwa mtu mwenye kopo la rangi.

Nairobi kuna mashindano ya magari mazuri, Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Gari linasimama kwenye majani, waamuzi wanafungua boneti na kuangalia kila kitu, kama mama mkwe anayekagua jikoni. Wapenzi wa magari ya namna hiyo, huku Afrika na kule Ulaya, wanatafuta kifaa ambacho bado kina uso wake wa kiwandani na namba zake. Kifaa kinaweza kutengenezwa tena mara kumi, lakini uso wa kwanza kinaupata mara moja tu.

Nasi tulikuwa na magari yetu ya sifa. Wazee wanakumbuka Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Zile za Bert Shankland wa Dar es Salaam, za 1966 na 1967, zilikuwa na injeksyo. Lakini zile za kawaida, zilizobeba samaki, mihogo na wagonjwa, zilikuwa na kabiratere ya Solex. Nami nilikuwa na moja, 404 ya bashi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

KOSA LANGU

Mwaka 2009 nilitaka kuiuza. Moteri ilikuwa nzuri, lakini ukifungua boneti uliona uzee. Kabiratere ilikuwa ya kijivu chenye madoa, na kwenye pembe tu ndipo rangi yake ya zamani ilikuwa imebaki. Nikajiambia: mnunuzi akiona hivi, atashusha bei. Nikaitoa. Nikaisugua na burashi ya waya. Madoa yaliyokataa nikayatia maji ya batri, na yakatoa povu, na nikafurahi kuona chuma kinang'aa. Kisha nikanunua kopo la rangi ya fedha ya kupuliza nikapiga nje, na kwa haraka yangu, kifuniko nacho nikakipiga ndani na nje. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama imetoka kwenye karatoni.

Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifungua boneti, akaona, akasema: «Pasta, hii kabiratere iko mupya?» Nami sikusema ndiyo. Nilicheka tu, nikasema: «Unaona mwenyewe.» Akalipa bei yote.

Wapendwa, mimi nilijihesabia kwamba sikusema uongo. Mdomo wangu haukusema. Kopo la rangi lilinisemea.

Wiki ya sita alipanda na gari hiyo kwenda Bukavu. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane na daktari alitaka aonekane hospitali ya huko. Mnajua kupanda kwa Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi: mlima upande mmoja, shimo upande wa pili. Katikati ya kupanda moteri ikaanza kukohoa, ikafa. Wakaiwasha, ikaenda mita hamsini, ikafa tena. Wakaweka mawe nyuma ya matairi. Mvua ikanyesha. Wakati ule hakuna mtu aliyependa kulala njiani, na wao walilala hapo, mwalimu, mke wake na mtoto wao wa kwanza, mpaka lori moja lilipowachukua asubuhi.

Mama alifika. Mtoto alizaliwa baadaye salama. Namshukuru Mungu kila ninapomwona mtoto huyo, lakini namwona pia kama mtu anavyoiona hati ya deni lake.

Fundi wa Nyangezi alifungua kabiratere akakuta mambo mawili. Rangi ya ndani ya kifuniko ilikuwa imelainika kwa esansi na kubanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Na chini ya kisima cha esansi kulikuwa na unga mweupe. Maji ya batri yalikuwa yamekula ngozi ya chuma, nasi huku esansi yetu ya kwenye chupa na bidoni haikosi maji. Zinki bila ngozi, pamoja na maji: unga. Vipande na unga vilikutana kwenye jikleri.

Mwalimu alirudi Uvira, akaja kwangu. Hakupiga kelele. Alifungua karatasi ndogo, ndani mlikuwa na jikleri na kipande cha rangi ya fedha, kidogo kama ukucha wa mtoto.

«Pasta,» akasema, «hii rangi ni yako?»

Nikasema ni yangu. Ilinichukua miezi mitano kumrudishia ile feza niliyozidisha na gharama ya fundi. Alinisamehe kabla sijamaliza kulipa, nami nililipa mpaka mwisho.

NAMNA YA KUJUA ILIYOPAKWA

Wewe unayenunua piesi ya okazyo, fanya hivi kabla ya kutoa feza.

Kwanza, angalia skrubu na jikleri. Kama zina rangi moja na mwili, imepakwa.

Pili, soma maandishi na namba. Kiwandani zinakaa wazi, na pembe zake zinakata. Rangi ya kupaka inazijaza, na burashi ya waya inazila.

Tatu, chukua kitambaa cheupe chenye esansi kidogo, futa mahali pasipoonekana. Ngozi ya kiwandani haiachi rangi kwenye kitambaa. Rangi nyingi za kopo zinaacha.

Nne, omba kifuniko kifunguliwe. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, mshukuru na uende zako.

NAMNA YA KUOSHA BILA KUHARIBU

Nanyi mafundi, hasa ninyi vijana mnaojifunza, nawaomba. Osheni kabiratere kwa esansi safi au mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto na mbali na sigara, kwa burashi laini. Burashi ya meno iliyochoka inatosha. Uchafu mgumu, loweka usiku mmoja badala ya kulazimisha. Jikleri, puliza kwa hewa. Usiingize waya, maana shaba ni laini, na kitundu kikipanuka kidogo tu moteri itakunywa esansi kuliko kawaida. Kausha vizuri kabla ya kufunga.

Usitumie maji ya batri. Usitumie limau na chumvi. Usitumie soda kali ile ya kutengenezea sabuni, inakula zinki na aluminiamu zote mbili. Usitumie mchanga wa ziwa, hata kama ni laini namna gani.

Kama uso umekwisha kuharibika, acha chuma kikiwa safi na kikavu, na mwambie mnunuzi: uso wake wa kwanza umetoka. Kabiratere yenye madoa inaweza kufanya kazi vizuri kabisa. Madoa ya nje hayazuii hewa wala esansi.

SUMU ILIYOFICHWA

Neno moja kwa wazazi. Krome ya ile ngozi ya manjano ya zamani ni ya namna ambayo wataalamu wanaiita krome sita, nayo inaweza kuleta kansa, zaidi sana vumbi lake likivutwa puani. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye magari mapya tangu Julai 2007, na viwanda vingi sasa vinatumia krome tatu, ambayo si kali hivyo. Kuishika kabiratere kwa mkono si hatari kubwa. Kuisugua ikiwa kavu, kwa karatasi ya msasa au kwa mashine, ukivuta vumbi lake, ndiyo hatari. Wala mtu asijaribu kutengeneza yale maji ya krome nyumbani ndani ya beseni ambalo kesho litafuliwa nepi.

Tena, esansi ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Kabiratere iliyofanya kazi kabla ya hapo inaweza kuwa bado na masazo yake. Kwa hiyo mtoto asitumwe kunyonya esansi kwa mdomo, wala asiachiwe kuchezea vyuma hivyo. Na fundi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali.

KIJANA WA MULONGWE

Kijana wangu alisikiliza yote. Kisha akauliza neno ambalo hata mimi lilinisumbua: «Sawa Pasta. Lakini ule mutu anataka nyeupe. Na mudogo wangu anangojea feza ya egzeta.»

Sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa asipake rangi. Tulikubaliana hivi: aioshe tu kwa mafuta ya taa na burashi ya meno, aandike kwenye karatasi namba zake na mahali ilipotoka, amwambie yule mnunuzi ukweli kwamba manjano ndiyo uso wake wa kiwandani, na akitaka kuisugua, atajisugulia mwenyewe baada ya kununua. Mnunuzi alicheka, akaenda zake.

Feza ya egzeta ya mdogo wake tuliichanga, jirani watatu na mimi. Kabiratere bado haijauzika. Iko hapa juu ya rafu yangu ninapoandika, na jua la jioni likitoka upande wa milima na kuingia dirishani, ile manjano inawaka kidogo. Kila wiki kijana anapita kuuliza kama kuna mtu ameitaka. Ninamwambia bado. Anaigeuza mkononi, anairudisha mahali pake, anaenda garaji.

Hakuisugua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mtu anaweza kudanganya bila kusema neno? Toeni mfano wa sokoni, wa machimboni, wa kazini.
2. Kama ungekuwa yule mwalimu wa Ngomo, ungemwambia nini Pasta?
3. Ni nani katika jamaa yetu anayeshika esansi na vyuma vya moteri kila siku? Ananawa mikono kabla ya kula?

Hadi mwezi ujao, muwe na amani.